Wali wa Nappi

Saa tisa usiku, Novemba, Kajaani.
Kilebu anakwaruza mlango kwa ukucha mmoja tu,
kama mgeni mwenye haya.
Navaa koti la Tauno juu ya gauni la kulalia,
viatu bila soksi, tochi mdomoni,
tunatoka wawili kwenye theluji
iliyokuwa safi mpaka tulipofika sisi.

Anachuchumaa. Anatetemeka. Ananitazama
kana kwamba ni mimi niliyemvuruga tumbo.
Uji. Tena uji. Leo una rangi ya haradali.
Sikujua, kwa miaka sabini na moja ya kuishi,
kwamba ningekuja kuinama gizani
nikisoma kinyesi kama barua kutoka benki.

Wiki ya kwanza tulisema: ni ugeni wa nyumba.
Ya pili: ni chakula cha mfuko. Tukabadili mfuko.
Ya tatu nikapanda basi na vichupa vitatu vya asubuhi tatu,
nimevifunga kwenye gazeti, nimevipakata kama mayai,
hadi kwa Daktari Sirkku Moilanen.
Vijidudu, akasema. Vimeonekana.
Dozi ya siku tano. Osha blanketi, chemsha bakuli,
mwoshe nyuma kila atokapo.
Nikaosha, nikaosha, hata vifundo vya vidole vikapasuka.

Vijidudu vikafa. Maabara ikathibitisha.
Uji haukufa.

Basi tukaingia kwenye wali:
wali mweupe, kuku wa kuchemsha bila chumvi,
kijiko kimoja cha boga. Napima kwa mizani ya unga.
Naandika kwenye kalenda ya kampuni ya mbao:
Jumatatu, uji. Jumanne, kigumu kidogo
(nusura nimpigie dada yangu simu). Jumatano, uji.
Mbavu zake zahesabika. Masikio tu ndiyo yanakua.

"Kuna kitu kingine anakula?" Sirkku akauliza.
"Hakuna," nikamjibu kwa ukali,
kama mama aliyeitwa shuleni na mwalimu.

Alhamisi nikarudi jikoni kuchukua miwani.
Tauno yuko mezani, kwenye kiti chake cha miaka arobaini,
mkono wa kulia umening'inia chini ya kitambaa.
Soseji. Kisha jibini. Kisha ngozi ya samaki wa moshi,
akiikunja kwanza, kwa adabu, kama leso.
"Maskini," anamnong'oneza, "leo hawajakupa kitu."
Akatazama dirisha. Akasahau. Akamwona kilebu.
"Maskini, leo hawajakupa kitu."
Mara nne nilihesabu, nimesimama mlangoni,
miwani mkononi, sina la kusema.

Tauno, ambaye jina langu humponyoka kabla ya kahawa,
ambaye juzi aliniuliza treni ya Oulu yaondoka saa ngapi,
njaa ya kiumbe mwingine hajaisahau.
Hiyo imebaki chini kabisa,
kama sarafu iliyopotelea kwenye bitana ya koti.
Ningemkanyaje? Ningemwandikia karatasi,
angeisoma, angekubali, angekata jibini.

Jioni soseji nikampa jirani, Reijo, asiyeuliza maswali.
Jibini nikaificha ndani ya piano.
Na kando ya sahani ya Tauno nikaweka bakuli dogo:
wali mweupe, kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi.
Mkono ukatafuta, kama ilivyo desturi yake,
ukapata wali, ukateremka.
Punje zikamganda vidoleni. Ulimi ukazifuata.
"Maskini..."

Leo ni siku ya sita. Ukucha haukuja saa tisa.
Umekuja saa kumi na mbili, giza lile lile, theluji mpya.
Anazunguka mara tatu, anachuchumaa,
anakaza uso kama hakimu.
Na pale, juu ya weupe wote ule:
kigumu, kizima, kinafuka mvuke.

Nikapiga kelele. Taa ya Reijo ikawaka.
Naapa, nilitaka kumwita aje aone.