Kijalizo cha Torsti

Oulu, saa tisa alasiri, na jua limeshazama.
Nimechemsha kahawa mara ya tatu, Torsti,
kidole kiko juu ya kitufe, na kitufe hakijashuka.

Mistari elfu nne mia mbili na kumi na moja:
huo ndio urefu wako ndani ya maktaba yetu ya picha.
Ulikuja na kijalizo cha kusoma faili za skana za zamani,
picha za kijivu za hospitali, zenye vichwa
vilivyoandikwa ndani nje, kama shati la mtu aliyevaa gizani.
Hakuna aliyeziweza. Wewe uliziweza.
Wala hatukungoja siku ya tatu tukupe jembe;
jembe ulikuja nalo begani.

Ila ulikuja na jamaa zako.
Kijalizo kinadai maktaba nyingine, nayo inadai nyingine,
nayo inadai zana za mwaka ambao binti yangu hakuwa amezaliwa.
Kijana wa Recife, anayetaka tu kupunguza picha ya paka,
anapakua megabaiti themanini za mbavu za watu asiowajua.
Mwalimu wa Ulan Bator ameniandikia: haijengeki.
Akaandika tena: haijengeki.
Mara ya tano hakuandika neno, alituma picha ya skrini,
nyekundu tupu.

Radoslava wa Plovdiv, ambaye hajui kuzunguka mbuyu,
amesema: futa.
Nimemjibu: nipe wiki moja.

Basi wiki nzima nimekuchambua kama mchele,
chenga huku, mawe huku, hiki chako, hiki chetu,
hadi mstari wa mia nane na sita, ambapo mikono imeingiliana
na sijui tena ni ya nani.
Hapo uliacha maelezo, tarehe kumi na tatu Machi, saa nane usiku:
«Usiguse. Sijui kwa nini inafanya kazi. Nina njaa.»
Nilicheka peke yangu jikoni.
Kisha nikakata mkate, nikala nimesimama.

Nimekuhamishia hazina yako mwenyewe, na historia yote,
kila tarehe, kila kosa la tahajia.
Juu ya leseni jina ni lako. Langu sijaliweka.
Anwani yako inanirudishia barua tangu Aprili,
kwa hiyo ruhusa nimejipa mwenyewe, na hilo linanikereketa.

Majaribio mia tatu na kumi, yote kijani.
Maktaba imekuwa nyepesi, inaamka kabla sijaketi vizuri.
Ningepaswa kufurahi.

Jana Ingjerd wa Tromsø ameuliza kwa upole:
ana picha elfu sita za mapafu ya wachimba madini,
wengi wao hawapumui tena;
je, toleo la saba litawafumbia macho?
Nikamwonyesha mstari mmoja wa kuongeza.
Akajibu: «Mmoja tu? Basi, salama.»

Nimebonyeza.

Na pale ulipokuwa umekaa miaka tisa
nimeacha ujumbe wa hitilafu. Nimeufuta mara sita,
Radoslava anasema ni mrefu mno, na hauna adabu ya kompyuta:

«Faili hii siwezi kuisoma.
Yupo anayeiweza, amehamia nyumba ya pili.
Haji bila kuitwa. Mwite.»