Ghalani, Kasulu
Koplo Ntahondi ananipangia mezani
zilizosalimishwa wiki hii.

Gobore la Mzee Gwassa bado lanuka mawese.
Mimina baruti, shindilia, tia gololi, pachika fataki:
ukija kulenga, pongo keshavuka Malagarasi
na hasira imeshapoa.

Hii ya Mjerumani: risasi tano, komeo la kuvuta.
Kila mlio, mkono unaulizwa tena.

Hii imeokotwa msitu wa Makere.
Magazini imepinda kama ndizi mzuzu,
kitako cha kukunja, kiingie chini ya koti.
Thelathini. Haiulizi.

Naandika namba. Wino unakwama.
Ntahondi ananyoosha kidole cha shahada,
anakijaribu kifyatulio hadi kifyatulio.
Kinaenea kote.

"Kilekile cha babu," anasema,
na kufunga mlango kwa kufuli la baiskeli.