Upande wa Ndani

Kibandani kwangu, Barabara ya Buganda, Kampala,
vinyago hamsini na tatu vinakodolea wateja macho,
na mteja akiuliza, "Huyu ni nani?"
humjibu kwa kutazama viatu vyake.
Buti za kupandia mlima: huyu ni mlinzi wa njia.
Kandambili na pete mpya: huyu huleta watoto.
Mmoja mwenye kikohozi nilimwambia kinafukuza homa.
Alilipa bila kupatana,
akakohoa hadi kwenye teksi.

Vilikozaliwa ninakujua. Mpigi, uani kwa Kiyemba,
ambaye baba yake alichonga ngoma na babu yake ngoma,
na yeye, ngozi za ng'ombe zilipopanda bei,
akageukia nyuso.
Msizi mbichi, tezo, siku mbili.
Kisha rangi ya viatu, nyeusi juu ya kahawia,
kisha wiki tatu kichuguuni.
"Mchwa," husema Kiyemba, "ndio wazee wa ukoo wangu.
Wao ndio wanaovipa umri."

Walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.
Hawakusema kitu juu ya aliyekiuza.

Kwetu Buganda hatukuchonga nyuso za kuvaa.
Bibi yangu Nabukeera, siku nilipomsumbua sana,
alitoa kifurushi cha nguo ya gome, kidogo kama ndizi moja,
kimezungushiwa shanga,
na ndani yake kitovu cha baba yangu,
kikavu kama tangawizi.
Hakikuwa na macho. Hakikuwa na mdomo.
"Pacha wake," alisema,
akakirudisha uvunguni haraka,
nisije nikakizoea.

Basi mwezi wa mvua Muhindo alivuka Mpondwe
na gunia la mihogo, na katikati ya mihogo, kitu.
Tukaongea Kiswahili chetu cha mpakani,
kile cha kupunguziana bei na kutoulizana mengi.
"Elfu themanini, mama. Hadithi usiitake."

Kwa nje kilikuwa cha kawaida tu:
paji pana, macho yamefumba kama buni mbili,
chokaa imepasuka mashavuni.
Nikakigeuza nitafute matundu ya wadudu.

Ndani palikuwa laini.
Laini ya ngozi, si ya msasa.
Penye paji pamemeta kwa jasho la mtu,
penye pua pana doa la mafuta,
na chini, kijiti cha kukishikia kwa meno
kimeng'atwa, kikang'atwa tena palepale,
upande wa kushoto,
na mtu ambaye kulia, nadhani, alikuwa na pengo.
Nikanusa. Moshi, mawese, mate ya zamani.

Nikampigia Muhindo: mwenyewe yuko wapi?
Laini ilikuwa na upepo mwingi.
"Si nilikwambia," akasema. Salio langu likaisha.

Kesho yake mzee mmoja wa Kizungu akakinyanyua.
"Kina maana gani?"
Nikatazama viatu vyake. Vizuri, vya ngozi,
vilistahili hadithi ya laki tatu.
Nikafungua mdomo.
"Sijui," nikasema. "Kuna mtu aliuma hapa."
Akakiweka chini polepole, akapangusa vidole,
akanunua twiga.

Kiyemba alikuja na futi yake, akapima paji, akapima kidevu.
"Nitakuletea ishirini kama hiki kabla ya Krismasi."
"Na ndani?"
Akacheka, kisha akakigeuza, akanyamaza,
akapitisha kidole gumba pale penye meno.
"Ndani," akasema, "hapachongwi."
Alisahau futi yake juu ya meza. Hajaifuata.

Sasa kimelala chini ya kaunta, katika nguo ya gome
niliyopaswa kuiuza kwa mita.
Usiku, nikifunga, sikifunui.
Ukutani umebaki msumari,
na jana binti mmoja mwenye raba nyekundu
alivipita vyote hamsini na viwili,
akasimama mbele ya msumari:
"Na huyu?"