Bandi

Daktari Nyevu aliinua picha dirishani
nikaliona paja langu limejaa bisi,
nyeupe, zimepasukia ndani ya mfupa.
"Gegedu," akasema. Kumbe ni lile lile
tulilogombania utotoni, mimi na Zubeda,
kru, kru, ncha ya mfupa wa hitima.
Sasa linajipika lenyewe, halina haraka.

Miaka mitatu nililiita baridi.
Nikalichua kwa mafuta ya karafuu,
nikakanyaga cherehani hadi usiku wa manane;
sare za Januari hazingoji paja la mtu.
Siku mfupa ulipokatika
nilikuwa nashuka ngazi moja, moja tu,
ya duka langu pale Barani,
kikombe cha chai mkononi.
Kikombe hakikuvunjika.

Mombasa wakaniambia:
hili halisikii dawa ya mshipani,
mionzi hulipapasa tu.
Lugha yake kisu.
Mimi fundi, nikaelewa.
Kitambaa kikiliwa na nondo hukipaki rangi,
unakata,
na unakata mbali na tundu
upate ukingo mzima.

Nikauliza, nitaishi?
Hakunipa namba, alinipa tarehe:
kila miezi minne, picha ya kifua,
maana likirudi hupenda kupitia mapafuni.
"Lako ni daraja la pili."
Nikacheka. Mimi, hata garimoshi
sijapata kulipanda.

Mguu uliokwenda haujaenda.
Usiku kidole gumba kinawasha, nakuna shuka.
Kombo akikanyaga cherehani mchana
unyayo nisio nao unamfuata, ta-ta-ta,
unamkosoa: pole pole kwenye kona!

Mwanaesha ameyavika magongo yangu
mabaki ya sare, buluu ya shule ya msingi,
kwapa zisichubuke.
Haniambii utapona.
Ananiambia, Februari tuna kliniki,
nauli ninayo.
Nami nikikohoa, hata kwa vumbi la kaskazi,
anaacha kuchambua mchele.

Leo nimejishonea suruali.
Mguu wa kulia nimeumaliza, pasi na kila kitu.
Wa kushoto nimeukunja juu,
nikaupiga bandi kwa mkono, uzi mweupe,
mishono ya kufumuka ukivuta ncha.

Kombo akauliza, mbona bandi, mwalimu?

Nikamwambia mteja
hajarudi kupima.