Nakala Arobaini

Printa ya Mama Tumwitike ilikohoa,
ikatema ukurasa wa kwanza, wa moto kama chapati.
Nikaupokea kwa mikono miwili.
Mistari mitano ipo, imenyooka
kama matuta ya viazi kule Isongole,
ila hakuna kilichoota.
Penye ufunguo wa sol pamekaa &,
ile ya vibao vya maduka.
Penye noti, o na e zimekumbatiana.
Besi wote wamegeuka vijumba,
vitupu, bila mlango.
Ni d, r, m za chini tu zilizopona,
na mpiga kinanda wetu hajui d wala r.

"Mashine haina kosa," akasema Mama Tumwitike.
"Imeletewa mwandiko isioujua,
ikasoma inavyojua."

Nikampigia Lusajo, Tukuyu.
Mvua ya huko iliongea kuliko yeye.
"Mbona huku kwangu inafunguka vizuri!"
Kwako, Lusajo. Kwako.
Fonti umeiacha kwenye kompyuta yako,
ukalituma faili peke yake lije Mwanjelwa,
kama mgeni anayekwenda kulala Uporoto mwezi wa saba
bila blanketi, akitumainia la mwenyeji.
Mwenyeji kampa alichonacho: gunia.

Akanyamaza. Nikasikia bati, kuku, kibodi.
"Naifanya pidiefu. Mwandiko nimeufunga humohumo."
Asilimia tisini na nane.
Umeme ukapepesa.
Tukala karanga za mia tano, hatusemi.

Ikaja. Noti zimerudi na vichwa vyao, na mikia.
Isipokuwa ukurasa wa tatu, juu ya "amina":
kile kituo, upinde na jicho chini yake,
bado kijumba.
Alikiazima kwenye fonti nyingine, bila shaka.
Simu yake haikupatikana tena,
na Mama Tumwitike alikwisha shika kufuli.

Basi, peni.
Upinde na nukta, upinde na nukta,
usiku kucha, miguu ndani ya soksi mbili.
Wa kwanza niliuchora kwa heshima.
Wa kumi na tisa ulikaa kama kofia iliyopigwa na upepo.
Wa thelathini na nane ulikuwa mkwaruzo.

Jumapili, kwenye "amina", mwalimu Ambakisye akainua mkono.
Teno wakaachia mapema. Alto wakafuata,
mmoja mmoja, wakitazamana.
Sekela peke yake, mwenye nakala ya kwanza,
aliendelea kushika,
na mwalimu, sijui kwa nini,
hakuushusha mkono.