Pua Kwanza

Faki, iache getini ile methali ya mama yako,
pole pole ndio mwendo. Huku si mwendo.
Ndege hii haina injini ya kukuombea msamaha.
Kasi ikipungua, hewa huliachia bawa
kama mtu aliyechoka kushikilia mlango,
nawe utajua kwa kimya:
mluzi wa kioo unafifia, fimbo inalegea mkononi
kama kamba iliyoachana na ndoo kisimani.

Hapo mkono utataka kuvuta.
Kila mkono hutaka; mwili unadhani mbingu iko nyuma ya fimbo.
Usivute.
Sukuma.

Mimi nilifundishwa hapa hapa Micheweni,
kwenye ukoka huu na mawe haya ya chokaa,
winchi ikiwa injini ya lori lililokuwa likibeba karafuu,
na Bi Zuwena Shaame, miwani kaifunga kwa lastiki ya kushonea,
asiyepanda kabla hajaizunguka ndege kwa miguu
akigusa kila bawaba
kama mzazi anayehesabu watoto kabla ya kuzima taa.
Nilidhani anatupotezea asubuhi.
Siku ya tisa alikuta bisibisi chini ya kiti,
pale fimbo inapopita.
Yangu.
Hakunigombeza. Aliitia mfukoni,
akaanza kuzunguka upya, tangu mkiani.

Siku ya ishirini na moja kamba ilikatika.
Tulikuwa juu kiasi cha minazi minne iliyobebana mabegani,
pua imeelekea juani, na mara paa!
kama mkanda wa cherehani.
Nyuma yangu Bi Zuwena kimya.
Nikasukuma, na Micheweni yote ikanijia kiooni:
mbuzi, paa la skuli, shuka nyekundu imeanikwa.
Halafu, na hili ndilo linalowaponza wengi,
nikangoja.
Pua kushuka si kasi kurudi.
Nikautazama mshale hadi ukaingia kwenye kijani,
ndipo nikauliza: mbele pana nafasi?
Ipo. Basi mbele.
Kiwanja kifupi kilicho machoni
kinakushinda vipi kirefu kilicho nyuma ya kona?
Nikafungua breki, tukagusa, tukaburuzika, tukasimama.

Nilishuka magoti maji, nikingoja sifa.
Akasema neno moja: "Uzi."
Ule uzi mwekundu uliobandikwa kioo cha mbele,
uzi wa sufu tu, usiofika hata shilingi mia,
nilikuwa nimeuacha umelala kushoto tangu tuondoke,
mguu wangu wa kulia umesahau kazi.

Mengine yatakuja.
Kwamba jabali tupu la saa tano hupumua kwenda juu
na mikoko hunyonya.
Kwamba ukimkuta mwewe anazunguka, nawe zungukia upande wake;
yeye alifika kwanza.
Kwamba shingo hugeuka kabla ya bawa.
Kwamba kisiwa chetu ni chembamba na bahari haimnyanyui mtu,
kwa hiyo pa kutua pawe machoni mwako daima,
si kwenye kumbukumbu.

Leo zamu yako.
Nimeshaizunguka mara moja; zunguka wewe sasa, tangu mkiani.
Kuna kitu nimekiacha mahali.
Sikwambii ni nini.