Droo za Shemhilu

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani, duka la vyuma:
droo ya juu marehemu Shemhilu kaandika
kwa kalamu ya risasi: parafujo.
Ya chini, mwandiko wangu: skrubu.
Miaka miwili naagiza mara mbili.

Leo fundi Mdigo kaja, kataka
"misumari ya kuzungusha".
Nikamwaga droo zote mbili kaunta.
Inchi moja na nusu, kichwa msalaba,
zikachanganyika, hakuna ajuaye zipi za nani.

Bolti nimeziacha kwao.
Zafanana, ila zenyewe hazikai bila nati.

Lebo yangu imebanduka kwa ukucha.
Yake imegoma.
Nimeongeza pembeni, herufi ndogo:
au skrubu,
au uitavyo wewe, fundi,
mradi ikaze.